Mtufaha Umekataa: Kutafuta Kosa kwa Miti na Vichaka vya Matunda vya Nchi za Baridi

Kitalu changu kipo Kisauni, mwendo mfupi kutoka soko la Kongowea, na biashara yake kubwa ni miche ya miembe, midimu na michungwa ya kubebesha. Hata hivyo, kwa miaka kadhaa sasa maswali mengi ninayoulizwa yanahusu miti nisiyoiuza. Upande mmoja wapo majirani wanaotaka mtufaha au mplamu katika ua wa nyumba huko Nyali, upande mwingine wapo wapwa zangu wawili, mmoja Minneapolis na mwingine Leicester, ambao hunitumia picha za miti iliyokauka na kuniuliza, "Mjomba, huu umekufa au umelala?" Baada ya kuzitazama picha nyingi za namna hiyo na kusoma sana, nimeona kwamba maswali ya pande zote mbili yana mzizi mmoja.

Baridi ina hesabu mbili, na watu wengi huipigia moja tu. Hesabu ya kwanza ni ya uvumilivu, yaani mti unaweza kustahimili baridi kali kiasi gani kabla haujafa. Hesabu ya pili ni ya mahitaji, yaani mti unadai baridi ya muda gani ili uamke na kufungua maua yake. Mti mmoja unaweza kufaulu katika hesabu moja na kuanguka katika nyingine, na kwa hiyo kila dalili inayoelezwa hapa chini inapaswa kwanza kuulizwa inatokana na hesabu ipi.

Jambo moja la lugha nilitangulize. Vitabu vingine huyaita majira ya kupukutika majani huko ughaibuni "vuli", na yale ya kuchipua "masika". Kwetu hayo ni majina ya mvua, na mpwa aliyeambiwa apande wakati wa masika anaweza kuelewa jambo jingine kabisa, kwa hiyo nitataja miezi.

Mti una majani mwaka mzima, wala hautoi ua

Hii ni dalili yetu sisi wa pwani. Mche huletwa kutoka bara ukiwa na urefu wa mkono, hupandwa, hushika, hurefuka kwa uvivu, na baada ya miaka minne haujatoa ua hata moja. Mwenye nyumba huongeza samadi, kisha mbolea ya dukani, na mti humjibu kwa majani zaidi. Kosa hapa si la chakula. Mtufaha huandaa vichipukizi vya maua wakati wa joto, kisha huvifunga, na hauvifungui sawasawa mpaka uwe umekusanya saa za kutosha za baridi iliyo kati ya nyuzi 0 na takriban nyuzi 7. Aina nyingi zinazosifika Ulaya na Marekani hudai saa 800 hadi 1,000 za namna hiyo. Mombasa, hata usiku wa kipupwe mwezi wa Julai, kipimajoto kwa kawaida hubaki nyuzi 20 au juu yake, na kwa hiyo jumla ya saa hizo kwa mwaka mzima ni sifuri.

Zipo aina zinazodai kidogo. Anna, iliyozalishwa Israeli, na Dorsett Golden, iliyopatikana Bahamas, hutosheka na saa 200 au 300 hivi, na zikipandwa pamoja huchavushana. Wauzaji wa miche hupenda kulitaja jina la Bahamas kana kwamba ni cheti cha pwani, lakini sifuri bado ni pungufu ya 200. Pengine utasikia habari za Batu, katika Java ya Mashariki, ambako wakulima huyapukutisha majani ya mitufaha kwa mkono baada ya mavuno ili kuushtua mti utoe maua mapya, na hivyo huvuna mara mbili kwa mwaka. Habari hiyo ni ya kweli, ila Batu ipo milimani na hewa yake ni ya ubaridi. Anayetaka kuijaribu mbinu hiyo Kenya aijaribu kwa aina zisizodai baridi nyingi, katika nyanda za juu kama Limuru, ambako miplamu na mipeasi imezoeleka, asiijaribu Nyali.

Kabla ya kuulaumu mti, hakikisha pia kwamba wewe na muuzaji mlikuwa mkizungumzia mti mmoja. Katika Kiswahili cha pwani, mtofaa ni ule mti wenye maua ya rangi kali yanayotandaza zulia chini yake, na tunda lake ni jekundu au la waridi, lenye nyama nyeupe laini na harufu ya marashi. Wataalamu huuita Syzygium malaccense, na asili yake ni Kusini-Mashariki mwa Asia. Mteja wangu mmoja aliagiza "mtofaa" kwa simu akitarajia tunda gumu la dukani, na mti ulipozaa alikasirika akaamini ametapeliwa. Muuzaji alikuwa amesema kweli tupu. Mtofaa huo haudai baridi yoyote, na kwa maoni yangu mwenye ua Mombasa angefaidika zaidi nao kuliko kuufuga mtufaha kama mgonjwa.

Mei imefika, na matawi bado ni makavu

Sasa tuhamie kwa wapwa, ambako hesabu ya mahitaji hujijibu yenyewe na ile ya uvumilivu ndiyo inayoua. Kwanza usiung'oe mti. Kwaruza gome la tawi kwa ukucha, ukianzia nchani na kushuka kuelekea shina. Rangi ya kijani chini ya gome ni uhai, na rangi ya kahawia kavu ni kifo. Ipo miti inayochelewa kuamka, hasa ile iliyopandwa mwaka uliotangulia, na ni busara kuingoja mpaka katikati ya Juni. Ukishapata mpaka kati ya sehemu hai na sehemu iliyokufa, mahali ulipo mpaka huo patakuambia sababu.

Mpaka ukiwa umenyooka kwa kimo kimoja, chini hai na juu mfu, huo ni mstari wa theluji. Theluji hufunika kama blanketi, na kilichokuwa ndani yake hakikuonja baridi ile iliyokiua kilichokuwa nje. Maana yake ni kwamba aina uliyopanda haikufaa ukanda wako. Idara ya Kilimo ya Marekani huigawa nchi katika kanda 13 kwa kufuata wastani wa baridi kali kuliko zote ya kila mwaka, na ramani yake ya 2023 imetumia hali ya hewa ya miaka 1991 hadi 2020. Ukanda wa 3 hushuka mpaka kati ya nyuzi 34 na 40 chini ya sifuri, ukanda wa 4 mpaka kati ya nyuzi 29 na 34, na ukanda wa 5 mpaka kati ya nyuzi 23 na 29. Mombasa ingepimwa kwa kipimo hicho, ingeangukia ukanda wa 13, wa mwisho kabisa. Minneapolis ipo mpakani mwa ukanda wa 4 na wa 5, na mpwa wangu alikuwa amepanda mfyulisi, yaani mti wa pichi, ambao vichipukizi vyake vya maua huanza kuharibika baridi inapokaribia nyuzi 23 chini ya sifuri. Majira moja ya baridi yalikuwa ya upole akafurahi, na yaliyofuata yakamwonyesha kilichomo katika neno "wastani": wastani wa baridi ya miaka thelathini haukuahidi kwamba hapatatokea mwaka mmoja mbaya zaidi. Kwa mti wa kukaa miaka ishirini, mimi humshauri mtu achague aina inayostahimili ukanda mmoja wenye baridi zaidi kuliko wake.

Hapa pana mtego unaowanasa wanaohamisha ushauri kutoka nchi moja hadi nyingine. Katika kipimo cha Marekani, namba ndogo ina maana ya baridi kali zaidi. Uingereza, jumuiya ya bustani iitwayo RHS hutumia alama za H1 hadi H7, na huko namba kubwa ndiyo yenye uvumilivu mkubwa: H5 ni mmea unaostahimili mpaka kati ya nyuzi 10 na 15 chini ya sifuri, na H7 ni ule unaostahimili chini ya nyuzi 20 chini ya sifuri. Kanada nayo ina kanda zake ambazo huhesabu mambo mengine zaidi ya baridi kali pekee, na kwa hiyo ukanda wa 4 wa Kanada na ule wa 4 wa Marekani haulingani moja kwa moja. Soma namba, kisha soma ni ya nani.

Mti ukiwa umekufa wote, au ukitoa majani vizuri mwezi wa Mei kisha ukanyauka ghafla mwezi wa Juni huku matawi yakiwa bado na unyevu, shuku mizizi. Mtufaha wa kununua ni miti miwili iliyounganishwa: kikonyo cha juu kinachozaa, na mche shina wa chini unaobeba mizizi. Watu huuliza habari za kikonyo na kusahau mche shina. M9, unaopendwa duniani kote kwa sababu huudumaza mti na kuuharakisha kuzaa, ulichaguliwa East Malling, katika jimbo la Kent nchini Uingereza, ambako baridi ni ya kiungwana, na mizizi yake haina uvumilivu mkubwa pale ardhi inapoganda bila theluji juu yake. Kwa ukanda wa 3 na wa 4, afadhali mche shina wa Antonovka, unaooteshwa kwa mbegu za tufaha la Kirusi, ingawa mti utakuwa mkubwa na utachelewa kuzaa. Na kwa anayetaka mti mfupi, Bud 9, uliozalishwa Michurinsk, Urusi, hustahimili kuliko M9. Muuzaji asiyeweza kukutajia mche shina wake hajakuuzia mti kamili.

Umechipua kutoka chini, lakini matunda si yale

Jibu ni fupi. Kikonyo kimekufa, na kinachomea ni mche shina. Tazama kama machipukizi yametoka chini ya kovu la kubebeshea, yaani pale miti miwili ilipounganishwa; ikiwa ndivyo, hutapata tunda ulilolinunua, hata ungengoja miaka kumi. Wanaobebesha miembe hapa Kisauni wanaijua dalili hii bila kufundishwa. Vichaka vinavyomea kwa mizizi yao wenyewe, kama vile rasiberi na haskapu (kichaka cha nchi za baridi chenye matunda madogo ya buluu), havina tatizo hili, kwa sababu hata vikifa juu huchipua vilevile vilivyokuwa.

Ncha za matawi zimekauka

Hapa kuna visababishi viwili vinavyofanana kwa mbali na ambavyo tiba zake hazifanani. Kama ncha hazikufungua majani kabisa, ni baridi, na mara nyingi kosa ni la mwenye mti: alitia mbolea ya naitrojeni au alipogoa mwishoni mwa Julai au Agosti, mti ukatoa matawi mapya laini, na baridi ya Oktoba au Novemba ikayakuta hayajakomaa. Mti hujiandaa kwa baridi hatua kwa hatua, kwanza kwa kuhisi siku zikifupika, kisha kwa kuonja baridi ndogo kabla ya kubwa, na usipoachwa kumaliza maandalizi hayo hata aina imara hupoteza ncha. Kata sehemu mfu mwezi wa Aprili, na mbolea itiwe mapema majira ya kuchipua au isitiwe kabisa.

Kama ncha zilifungua majani na maua, kisha zikawa nyeusi kana kwamba zimepitishwa motoni na kujikunja kama kichwa cha bakora, huo si ubaridi. Ni ugonjwa wa bakteria aitwaye Erwinia amylovora, unaoshambulia mitufaha na mipeasi hasa wakati wa maua kukiwa na joto na unyevu. Kata siku kavu, sentimita 30 hivi chini ya mahali dalili zinapoishia, na usafishe mkasi kwa spiriti baada ya kila mkato. Anayeuchukulia ugonjwa huu kuwa ni baridi, akangoja, anaweza kuupoteza mti mzima kwa msimu mmoja.

Maua yalijaa, matunda hakuna

Mpwa wa Leicester hasumbuliwi na vifo, kwa kuwa baridi ya huko haiui mitufaha. Yeye husumbuliwa na jalidi, yaani baridi ya usiku inayogandisha umande, ya Aprili na Mei, ambayo huyakuta maua yakiwa wazi. Mtufaha uliolala huvumilia nyuzi 30 chini ya sifuri bila taabu, lakini ua lake lililochanua huvumilia karibu na sifuri tu: takriban nyuzi 2 chini ya sifuri huua ua moja katika kumi, na takriban nyuzi 4 chini ya sifuri huua tisa katika kumi. Uthibitisho hupatikana kwa kukata ua kwa wembe kesho yake adhuhuri. Kitovu cha kijani kina uhai, na kitovu cheusi kimekufa hata kama petali bado zinapendeza.

Vitovu vikiwa vyeusi, tazama mahali kabla ya kubadilisha aina. Hewa baridi ni nzito na hutiririka kuelekea bondeni kama maji ya bamvua yanayotafuta mkondo, na ikikuta ukuta au ua wa miti hutuama nyuma yake. Mti uliopandwa hatua ishirini juu zaidi kwenye mteremko huohuo unaweza kuponyoka. Ukuta unaoelekea kusini, ambao wengi huuona kuwa ni kimbilio, una hila yake: huupasha mti joto mapema, mti huchanua mapema, na jalidi humkuta aliyetangulia. Ipo pia miti ambayo mbao zake ni imara na maua yake ni ya haraka mno. Mwaprikoti wa Manchuria huishi katika ukanda wa 3, lakini miaka mingi hauzai chochote kwa sababu hiyo. Kinyume chake ni haskapu, kichaka cha jamii ya Lonicera caerulea, ambacho huchanua mapema sana na bado maua yake huvumilia nyuzi 7 chini ya sifuri.

Vitovu vikiwa vya kijani na matunda yakaanguka yakiwa madogo kama punje za mtama, tatizo ni uchavushaji. Mitufaha mingi, mipeasi na haskapu huhitaji aina ya pili tofauti inayochanua wakati mmoja nayo. Miche miwili ya aina moja huhesabiwa kuwa mmoja. Aina za tufaha kama Bramley na Jonagold hazina chavua yenye manufaa, kwa hiyo anayepanda mojawapo anahitaji aina nyingine mbili. Miplamu chotara ya Marekani ni migumu zaidi, na aina iitwayo Toka ndiyo hupandwa kuisaidia mingine. Kama aina zipo na bado hakuna matunda, kumbuka hali ya hewa ya wiki ile: nyuki wa asali hutoka kwa shida joto likiwa chini ya nyuzi 10 hivi.

Gome limepasuka au limetafunwa

Ufa mrefu upande wa kusini-magharibi husababishwa na jua la Februari na Machi, linaloamsha gome mchana kabla usiku haujaligandisha tena. Ukinge mti kwa kupaka shina rangi nyeupe ya maji au kulivika mkanda mweupe kabla ya baridi kuanza, na mkanda uvuliwe Aprili. Alama za meno karibu na ardhi ni za panya wa shambani waliopita chini ya theluji. Zilizo juu zaidi ni za sungura waliosimama juu ya theluji hiyo. Wavu wa waya wenye matundu ya milimita 6, uliozikwa sentimita chache na kusimama juu ya kimo cha theluji, huwazuia wote. Gome likiliwa mzunguko mzima, mti utakufa isipokuwa ubebeshwe vijiti vya daraja kuunganisha juu na chini mapema Mei.

Majani ya manjano yenye mishipa ya kijani

Kwenye bluberi, dalili hii katika majani machanga humaanisha kwamba udongo hauna uchachu wa kutosha na mmea umeshindwa kufyonza chuma, hata kama chuma kimo. Bluberi hutaka pH ya 4.5 hadi 5.5. Pima udongo, na ukiwa umezidi hapo tumia salfa na uvumilie miezi kadhaa. Usitie majivu wala chokaa. Wanaoniomba bluberi Bamburi huwaonyesha tu ardhi waliyoikanyaga, kwa kuwa mwamba wa matumbawe ni chokaa tupu.

Ukipanda upya

Kwa ukanda wa 4, mpwa wangu nimempa Haralson na Honeycrisp, mitufaha iliyotolewa na Chuo Kikuu cha Minnesota mwaka 1922 na mwaka 1991, kwa sharti kwamba ajue mche shina wake. Kwa cheri nimempa Carmine Jewel, mcheri mchachu mfupi uliotolewa na Chuo Kikuu cha Saskatchewan mwaka 1999, ambao hujichavusha wenyewe. Kwa vichaka, haskapu wa aina mbili na rasiberi ya Boyne. Mfyulisi nimemwambia ausahau, na alipojibu kwamba ataupanda kwenye pipa barazani nilimweleza kwamba pipa ni baya zaidi, kwa sababu mizizi iliyozungukwa na hewa pande zote huganda kuliko ile iliyo ardhini, na mmea wa kopo unapaswa uwe unastahimili kanda mbili zenye baridi zaidi kuliko ya hapo ulipo, au uingizwe gereji isiyo na joto kuanzia Novemba mpaka Aprili. Ameniambia gereji anayo, ila gari la mkewe ndilo linalolala humo.